Jina lililofichwa mwishoni mwa tumbo: safari ya kumtambua Hydropsyche pellucidula

Mwaka 1977 mtaalamu wa wadudu kutoka Austria, Hans Malicky, alimpa jina la kisayansi mdudu mmoja wa Mto Rhine: Hydropsyche tobiasi. Hakumfuata mtoni. Alimpata katika vielelezo vya zamani, maana mara ya mwisho mdudu huyo kukamatwa ilikuwa mwaka 1938. Siku aliyopewa jina, karibu miaka arobaini ilikuwa imepita bila kuonekana, na leo ameorodheshwa miongoni mwa viumbe waliotoweka duniani. Wadudu wa kundi lake huvutwa sana na taa, na wakati mwingine hujaa mpaka wakawa kero, kwa hiyo wakazi wa kando ya mto ule bila shaka waliwahi kumfukuza kwa mkono. Walichokosa ni jambo moja tu: hakuna aliyejua kwamba huyu ni mwingine.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu wengi hudhani kutofautisha spishi za wadudu wadogo ni starehe ya wenye hadubini. Mimi naiona ni kazi ya kujua nani yupo na nani hayupo. Asiyeweza kutofautisha hawezi kuhesabu, na asiyehesabu hawezi kujua amepungukiwa. Basi tufuatane safari nzima, kuanzia mdudu asiye na jina aliyetua kwenye shuka jeupe mbele ya taa, hadi tufike kwenye jina moja kamili: Hydropsyche pellucidula, ndugu wa yule aliyepotea Rhine. Njiani tutaona mahali ambapo safari hii huwapoteza watu, na mahali ambapo ni halali kabisa kusimama bila kufika.

Hydropsyche ni jenasi iliyo katika oda ya Trichoptera, ambayo kwa wepesi nitaiita trikoptera. Ni wadudu wanaoishi majini utotoni, kisha wanaota mabawa na kutoka nje wakishakomaa. Jina la oda limeundwa na maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha unywele na lingine bawa. William Kirby ndiye aliyeliweka mwaka 1813. Spishi za trikoptera zilizokwisha kuelezwa duniani zinazidi 16,000. Hydropsyche peke yake ina spishi kwa mamia, na nyingi kati yao zimefanana kama shilingi kwa ya pili.

Pellucidula alielezwa na Mwingereza John Curtis mwaka 1834. Ni mdudu wa mito ya Ulaya, mwenye mabawa ya kijivu yaliyochanganyika na kahawia, na ni mkubwa kidogo kuliko wengi wa jenasi yake. Sentensi hiyo ni kweli, lakini haitoshi kumtambulisha hata mara moja. Wapo jamaa zake kadhaa ambao ungewaeleza kwa maneno hayohayo.

Kwanza, si nondo

Kosa la kwanza, na ndilo la kawaida kuliko yote, ni kumwita nondo. Kosa hilo lina sababu yake. Trikoptera na nondo ni jamaa wa karibu sana katika ukoo wa wadudu, na wote wawili hutengeneza hariri kwa tezi zilizo mdomoni wakiwa bado lava, yaani wachanga wasioota mabawa. Trikoptera akitua hukunja mabawa juu ya mgongo kama paa la nyumba lenye mteremko pande mbili, na nondo wengi hufanya vivyo hivyo.

Tofauti iko kwenye kile kinachofunika bawa. Bawa la nondo limefunikwa na magamba madogo mno, ndiyo ule unga unaobaki kidoleni ukimgusa. Bawa la trikoptera limefunikwa na manyoya. Wapo trikoptera wachache wenye magamba kiasi, na wapo nondo wenye manyoya mengi, kwa hiyo usitegemee hilo peke yake. Tazama na mdomo. Nondo wengi wana mrija mrefu uliojiviringisha chini ya kichwa. Trikoptera hana mrija huo. Badala yake utaona jozi ya viguso vyenye pingili vinavyoning'inia mdomoni, vinavyoonekana vizuri hata kwa lenzi ya mkono. Viguso hivi tutavirudia, maana vina habari nyingi kuliko kiungo kingine chochote cha kichwani.

Wapo wengine wanaochanganya macho. Plekoptera, oda nyingine ya wadudu wa majini, hukunja mabawa bapa mgongoni, na wengi wao wana mikia miwili inayoonekana wazi. Sialis, mdudu mwingine wa majini, hukunja mabawa kama paa pia, lakini bawa lake halina manyoya, na mishipa yake ni minene na myeusi kama wavu uliochorwa kwa wino. Ukishawaona mara moja hawakusumbui tena.

Kuhesabu: vijicho, viguso, miiba

Kutoka oda hadi familia, utambuzi wa trikoptera ni kazi ya kuhesabu, na hapa ndipo ninapopapenda. Rangi inaweza kubishaniwa, lakini tatu ni tatu.

Anza juu ya kichwa. Mbali na macho makubwa mawili, baadhi ya wadudu wana vijicho vitatu vidogo vinavyong'aa kama matone ya kioo. Familia ya Limnephilidae wanavyo, ya Rhyacophilidae wanavyo. Hydropsychidae, familia ya mdudu wetu, hawana. Mtego uko hapa: kichwani pia huwa na vinundu vya rangi hafifu vyenye manyoya, na anayeanza huvihesabu kama vijicho. Kijicho ni laini, kinang'aa, hakina unywele hata mmoja juu yake. Kinundu kimejaa manyoya, au kama manyoya yamepukutika, kimejaa vitundu yalipokuwa.

Kisha viguso vya mdomoni. Dume la Limnephilidae lina viguso vya pingili tatu na jike lake pingili tano. Dume la Phryganeidae lina nne, jike tano. Kwa hiyo katika familia hizo, kuhesabu pingili kunakupa jibu la jinsia bila hata kutazama tumbo. Hydropsychidae wana pingili tano kwa dume na jike, lakini pingili ya mwisho ni ndefu sana, laini, yenye mikunjomikunjo ya duara kama mjeledi. Pingili nyingine ni ngumu na zimenyooka. Ile ya mwisho inapinda.

Halafu miguu. Muundi wa kila mguu una miiba mikubwa inayochezacheza kwenye kiungo chake, tofauti na vimiba vidogovidogo vilivyotapakaa mguu mzima. Huhesabiwa mguu wa mbele, wa kati, na wa nyuma, na huandikwa kwa tarakimu tatu. Rhyacophila ni 3-4-4. Limnephilus ni 1-3-4. Mystacides ni 0-2-2. Hydropsyche ni 2-4-4. Watu waliozoea kazi hii hutaja tarakimu hizo kama wengine wanavyotaja namba za simu. Angalizo moja tu: miiba huvunjika, hasa kwa mdudu aliyepigapiga kwenye mtego wa taa usiku kucha. Kama huoni mwiba, tafuta shimo lake kabla hujaandika sifuri, na hesabu miguu ya pande zote mbili.

Sasa una mdudu asiye na vijicho, mwenye kiguso kinachoishia kwa mjeledi, na miiba 2-4-4. Je, ni Hydropsychidae? Bado. Psychomyiidae nao wana sifa hizo zote tatu. Ni wadogo zaidi kwa kawaida, lakini ukubwa si hoja. Hoja iko mgongoni, kwenye bamba la kifua cha kati: Psychomyiidae wana jozi ya vinundu vyenye manyoya hapo, Hydropsychidae wako wazi. Nimelitaja hili kwa makusudi. Sifa moja peke yake karibu kila mara ina watu wawili wanaoidai, na ndiyo maana ufunguo wa utambuzi, yaani mwongozo unaokuongoza hadi kwenye jina, huuliza maswali kwa mpangilio. Anayeruka maswali ili afike haraka kwenye picha inayofanana na mdudu wake, hufika kweli, ila hufika kwenye jina la jirani.

Kuingia kwenye jenasi si kugumu. Vipapasio vya Hydropsyche ni vyembamba, na pingili zake za mwanzo zina mistari myeusi ya mshazari, kana kwamba mtu amezungushia uzi mweusi kwenye fimbo nyeupe. Alama hiyo ikiwepo pamoja na zile za awali, unaweza kuandika Hydropsyche kwa moyo mkunjufu.

Mahali bawa linaposema uongo

Kuanzia hapa njia inabadilika. Kila kitu tulichokitazama kinaonekana kwa lenzi ya mkono, mdudu akiwa mzima. Spishi haionekani hivyo. Najua wapo wanaotambua Hydropsyche kwa picha za simu, na mara nyingine wanapatia, lakini wanapatia kwa sababu spishi fulani ndiyo iliyo nyingi mahali pale. Hicho ni kisio kizuri, bado si utambuzi.

Bawa linadanganya kwa njia nyingi. Madoadoa yake yametengenezwa na manyoya ya rangi mbili, na manyoya hupukutika. Mdudu wa siku kumi amepauka kuliko ndugu yake aliyetoka majini jana. Ukimtia kwenye alkoholi, rangi inazidi kufifia. Ukubwa nao hutegemea joto la maji na chakula alichopata akiwa lava, hivyo dume dogo la spishi kubwa linaweza kulingana na dume kubwa la spishi ndogo. Zaidi ya yote, hata manyoya yakiwa yamekamilika, michoro ya spishi jirani inaingiliana.

Jina lenyewe limefichwa mwishoni mwa tumbo la dume, kwenye viungo vya uzazi. Katika wadudu wengi sehemu hizi hubadilika haraka spishi zinapoachana, wakati bawa, mguu na kichwa vinabaki vilevile. Wataalamu wa zamani walieleza jambo hilo kwa mfano wa kufuli na ufunguo: dume wa spishi moja hawezi kufungua jike wa nyingine. Maelezo hayo yana wapinzani siku hizi, kwa kuwa sababu nyingine pia, kama majike kuchagua madume, zinaweza kuzaa tofauti hizohizo. Kwa anayetafuta jina, mabishano hayo hayabadilishi kitu. Tofauti zipo, nazo hazibadiliki ovyo kutoka dume hadi dume.

Kuziona kunahitaji matayarisho. Ncha ya tumbo hukatwa kwa uangalifu na kulowekwa kwenye potasiamu haidroksaidi, kwa kawaida ya asilimia kumi hivi, ambayo huyeyusha nyama na mafuta na kuacha ganda gumu peke yake. Halafu husuuzwa na kuwekwa kwenye tone la gliserini chini ya hadubini. Kilichokuwa giza sasa kinapitisha mwanga, na unaona maumbo yaliyokuwa yamefunikwa.

Katika dume la Hydropsyche utaona kwanza jozi ya vishikio pembeni, kila kimoja kikiwa na vipande viwili: cha chini kirefu, cha juu kifupi. Juu yake kuna paa lililofanywa na pingili ya kumi. Katikati, kati ya vishikio, kuna uume, bomba refu lililopinda karibu na shina. Umbo la kipande kile cha juu cha kishikio linasaidia, lakini neno la mwisho kwa spishi nyingi liko kwenye ncha ya uume: imepanuka au imebana, imegawanyika kina gani, ina viambatisho gani na vimeelekea wapi. Tazama kutoka ubavuni, kutoka juu, na kutoka chini. Wengi huishia ubavuni, kisha wanashangaa mchoro haulingani. Mara nyingi tatizo ni mkao tu. Ncha iliyoinama nyuzi chache upande mmoja huonekana kama ya spishi nyingine kabisa, kwa hiyo mgeuze mpaka pande za kulia na kushoto zifunikane sawasawa, ndipo ulinganishe. Na kama una madume kadhaa ya usiku mmoja, tayarisha zaidi ya mmoja. Macho hujifunza haraka yakiona tofauti ndogo za kawaida ndani ya spishi moja.

Tuseme umefanya yote hayo, na ufunguo wako unasema pellucidula. Tazama mwaka ufunguo huo ulipochapishwa. Mwaka 1993 mtafiti Pitsch alionyesha kwamba chini ya jina pellucidula walikuwa wamejificha wadudu wa aina mbili, akamtenga wa pili na kumwita Hydropsyche incognita, yaani asiyejulikana. Sijui jina la kisayansi linalomfaa mwenyewe kuliko hilo. Kwa miaka zaidi ya 150 alikuwa akikamatwa, akiandikwa, akihesabiwa, kila mara kwa jina la ndugu yake. Ufunguo wa kabla ya mwaka huo hauwezi kukuletea incognita hata ukimfuata kwa uaminifu wa hali ya juu, kwa kuwa ndani yake hayumo. Na kila orodha ya zamani inayosema pellucidula, mahali ambapo wote wawili wanaweza kuishi, inapaswa kusomwa kama inayosema "mmoja wa wale wawili", isipokuwa kama mdudu mwenyewe bado yupo kabatini na anaweza kutazamwa upya.

Majike ni wagumu zaidi. Ubavuni mwa mwisho wa tumbo lao kuna vishimo ambamo vishikio vya dume hukaa wakati wa kujamiiana, na umbo la vishimo hivyo hutumika kuwatenganisha. Inawezekana, ila inataka uzoefu na vielelezo vya kulinganisha ambavyo jina lake halina shaka. Bila hivyo, kumwandika jike "Hydropsyche" na kuishia hapo ni jibu sahihi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kuna aibu isiyo na msingi inayowapata watu wanapoishia kwenye jenasi. Jina la spishi lililobandikwa kwa kubahatisha huharibu kumbukumbu. Jenasi iliyoandikwa kwa uhakika haiharibu kitu.

Lava na uthibitisho wake

Wengi hukutana na trikoptera akiwa lava chini ya jiwe mtoni, na hapo maswali ni mengine. Lava wa trikoptera ana vipapasio vifupi mno, na mwishoni mwa tumbo ana jozi ya vijiguu vyenye kulabu. Wengi hujenga nyumba wanayotembea nayo, ya mchanga, vijiti au majani, na ni rahisi kudhani nyumba hiyo ni kitambulisho. Kwa kiasi ni kweli. Lava wa Helicopsyche hujenga kijumba cha mchanga kilichojizungusha kama konokono, na mwaka uleule wa 1834 Mmarekani Isaac Lea alikieleza kuwa ni konokono halisi, aliyegandisha mchanga kwenye ganda lake. Lakini vifaa vya ujenzi havisemi sana. Msanii wa Ufaransa Hubert Duprat, tangu miaka ya 1980, amekuwa akiwapa lava wa trikoptera vipande vya dhahabu na vito, nao hujengea bila kusita. Lava hutumia kilichopo.

Hydropsyche hana nyumba ya kubeba hata kidogo. Hujibanza kwenye kibanda cha hariri na kokoto kilichoganda jiweni, na mbele yake hutandaza wavu unaochuja chakula kinacholetwa na mkondo. Kibanda hicho hukitetea: husugua paja la mguu wa mbele kwenye mikwaruzo iliyo chini ya kichwa, na kutoa sauti ya kumwonya mvamizi. Ukimtoa, utaona mabamba magumu mgongoni mwa pingili zote tatu za kifua, na chini ya tumbo matamvua ya kupumulia yenye matawi mengi kama manyoya ya ndege. Mambo hayo mawili kwa pamoja yanatosha kukupa familia. Lava wa Hydroptilidae nao wana mabamba matatu, ila ni wadogo mno na hawana matamvua ya namna hiyo.

Kumtenga Hydropsyche na Cheumatopsyche, jirani yake wa siku zote, mgeuze chali utazame chini ya shingo. Nyuma ya bamba la kifua cha kwanza kuna jozi ya vibamba: kwa Hydropsyche ni vikubwa na vinaonekana wazi, kwa Cheumatopsyche ni vidogo mno. Kuingia kwenye spishi hutazamwa michoro ya rangi hafifu juu ya kichwa cheusi, na kama pingili ya saba ya tumbo ina matamvua au haina. Funguo hizo zimeandikwa kwa ajili ya lava wa hatua ya tano, ya mwisho kabla ya kuwa pupa, yaani kabla ya kujifungia ili ageuke mdudu mwenye mabawa. Kwa wadogo zaidi michoro haijakamilika, na ukilazimisha utapata jina, lakini si lake. Pellucidula na incognita wakiwa lava ni vigumu sana kuwatenganisha hata katika hatua hiyo ya mwisho.

Swali la haki ni hili: kama jina liko kwenye viungo vya dume aliyekomaa, tulijuaje lava yupi ni wa nani? Njia mojawapo ni kumfuga mpaka akomae, kazi ngumu kwa mdudu anayetaka maji yanayokwenda kasi. Njia nyingine naiona ni nzuri kuliko zote zilizobuniwa katika elimu hii. Lava anapogeuka pupa, huvua ngozi yake ndani ya kifuko cha hariri, na mabamba magumu ya kichwa na kifua hubaki yamesukumwa nyuma ya kifuko hichohicho. Pupa akikaribia kutoka, viungo vya uzazi vya mdudu mzima vimeshakamilika chini ya ngozi yake nyembamba. Basi ukikipata kifuko wakati huo, una vitu viwili pamoja: kichwa cha lava aliyekuwa, na tumbo la dume anayekuwa. Mmoja anakupa michoro, mwingine anakupa jina, na hakuna nafasi ya kuwachanganya kwa sababu ni mnyama mmoja. Uhusiano mwingi kati ya lava na waliokomaa ulithibitishwa hivyo, kwa kibanio na uvumilivu, kabla vinasaba havijasomwa na mtu yeyote.

Vinasaba sasa vinasaidia sana. Kipande kimoja cha jeni ya mitokondria, chenye herufi 658, husomwa na kulinganishwa na hazina ya vipande vya spishi zinazojulikana. Jike, lava mchanga, hata mguu uliovunjika, vyote vinaweza kupata jina kwa njia hiyo. Ila hazina hiyo ilijazwa na watu, na kila kipande kilipewa jina na mtu aliyetazama tumbo chini ya hadubini. Kama yule wa kwanza alimwita incognita kwa jina la pellucidula, kompyuta itarudia kosa lake kwa uaminifu kila itakapoulizwa.

Mahali mdudu alipopatikana pia pana neno. Katika mito mingi ya Ulaya spishi za Hydropsyche hupokezana kadiri maji yanavyoshuka: instabilis kwenye vijito vya juu vyenye baridi, pellucidula chini zaidi, contubernalis kwenye mito mikubwa inayokwenda polepole. Angustipennis huvumilia maji yenye joto na oksijeni haba ambayo wenzake wangeyakimbia. Itumie habari hiyo kama shahidi wa pili. Ukimpata instabilis kwenye mto mkubwa wa bondeni, rudi kwenye hadubini kabla hujafurahi.

Na hapo ndipo jina linapokuwa na uzito kwa maji yenyewe. Katika kipimo kimoja kilichotumika Uingereza kwa miaka mingi kupima usafi wa mito kwa kutazama wadudu wake, familia nzima ya Hydropsychidae ilipewa alama 5, wakati Leptoceridae, familia nyingine ya trikoptera, walipewa 10. Alama moja kwa angustipennis mvumilivu na kwa instabilis anayetaka maji baridi. Mto unaweza kumpoteza mmoja na kumpata mwingine, na alama isibadilike. Anayeangalia familia ataandika kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo lebo. Dume ambalo ncha yake imeonekana vizuri pande zote hupata jina kamili. Jike bila vielelezo vya kulinganisha hupata "Hydropsyche, jike". Lava wa hatua ya tano anayeelekea kwa mdudu wetu hupata majina mawili kwa mkwaju kati yake, pellucidula/incognita, na hiyo ndiyo kweli yote iliyopo. Chini yake huandikwa mto, mahali, tarehe, aliyekamata, aliyetambua, na ufunguo alioutumia pamoja na mwaka wake. Tumbo lililotayarishwa hutiwa kwenye kichupa kidogo ndani ya chupa ileile ya mwili, lisije likapotezana na mwenyewe. Malicky aliweza kumwona tobiasi mwaka 1977 kwa sababu kuna watu, mwaka 1938 na kabla yake, waliomhifadhi mdudu wasiyemjua pamoja na karatasi ndogo inayosema alitoka mto gani, lini.